Kabla ya kumnunulia paka unga wa figo, uliza fosforasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi, hii itakuwa ndefu kidogo, mkiona lazima mkate basi kateni kokote ila msiguse pale penye namba, maana ndo kilichonifanya niandike.

Ni kuhusu hizi habari za figo za paka. Siku hizi ukifungua simu, ukifungua gazeti, kuna mtu anasifia unga fulani au majani fulani au matone ya asili, eti ukimwekea paka kwenye chakula figo zinajisafisha zenyewe. Mimi nafuga paka, mmoja ni bibi kizee na figo zake zimeshachoka, kwa hiyo watu wananijua kwa hilo na wananiuliza sana, je huu unga ni mzuri, je yale matone vipi. Na mimi nawauliza swali moja tu: chakula anachokula kila siku kina fosforasi, yale madini yaliyomo kwenye nyama na mifupa, kiasi gani? Hapo ndo kimya. Mtu anajua jina la jani lililotoka bara la mbali huko, ila kilichomo kwenye kopo analofungua asubuhi na jioni hajui. Na simlaumu, kwa sababu kopo lenyewe halijasema.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno la kusafisha. Figo ya paka hata haisafishwi. Kila figo moja ina vichujio vidogo vidogo vinaitwa nefroni, kama 200,000 hivi (sisi binadamu tuna karibu milioni kwa kila figo), na nefroni ikishakufa imekufa, haioti nyingine. Zinazobaki zinabeba kazi ya zilizokufa na zinaibeba kimyakimya, ndo maana paka anaweza kuwa anacheza na kula vizuri tu huku nusu ya figo haipo. Mpaka uone mkojo umekuwa mwingi na mwepesi, mchanga wa choo chake umejaa mabonge makubwa, na bakuli la maji linaisha haraka, hapo kama theluthi mbili za nefroni zimeshakwenda. Na ile kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo daktari anapima kwenye damu, kwa kawaida haipandi vizuri mpaka robo tatu ziwe zimekufa. Kuna kipimo kingine kinaitwa SDMA, hiki kinashtuka mapema zaidi, wastani kama asilimia 40 zikiwa zimepotea, kwa hiyo kama paka wako kashavuka miaka 7 au 8 omba hicho pia, usisubiri dalili.

Sasa hapa kuna jambo linawadanganya watu wengi sana. Paka akiumwa, akatapika, akakaukiwa na maji mwilini, kreatinini inapaa kuliko hali halisi ya figo zake. Akiwekewa maji ya dripu, au akianza tu kula chakula chenye maji, ile namba inashuka. Kama wiki hiyohiyo mwenye paka alianza kumpa unga wa majani, sifa zote zinakwenda kwa unga, na ushuhuda unaandikwa, unasambaa, wengine wananunua. Siwezi kusema wanadanganya kwa makusudi, wameona kwa macho yao paka kapona, ila kilichopona ni kiu. Na kuna lingine baya zaidi ya hilo, paka akikonda na kupoteza nyama za mgongo, kreatinini inashuka pia, maana inatokana na misuli, kwa hiyo unaweza kushangilia karatasi ya maabara huku mnyama anaisha. Mpime na uzito kila anapokwenda kupimwa damu, na mpapase uti wa mgongo kwa vidole, ukianza kuuhisi umechongoka kama haukuwa hivyo zamani jua kuna kitu.

Turudi kwenye fosforasi. Figo ndo zinazotoa fosforasi iliyozidi mwilini. Zikichoka inabaki kwenye damu, mwili unahangaika kuirekebisha kwa homoni, zile tezi ndogo za shingoni zinatoa homoni inayovuta kalisi kutoka kwenye mifupa, na kalisi ikikutana na fosforasi nyingi zinaganda kwenye nyama laini, ikiwemo figo yenyewe. Yaani figo mbovu inazidi kuharibiwa na kile inachoshindwa kukitoa. Ndo maana ukipunguza fosforasi inayoingia mdomoni unakuwa umepunguza mzunguko wote huo kuanzia mwanzo wake.

Na hili lina ushahidi. Mwaka 2000 ulitoka utafiti wa Uingereza, paka wenye ugonjwa wa figo waliokubali kula chakula chenye fosforasi na protini kidogo waliishi siku 633 kwa kipimo cha kati (yaani nusu yao walivuka hapo), wale ambao hawakukubali kukila siku 264. Mtu makini atasema ngoja kwanza, paka aliyekataa kula si huenda alikuwa mgonjwa zaidi tangu mwanzo? Ni kweli, hilo ni shimo kwenye utafiti ule, hawakugawanywa kwa kura. Ila mwaka 2006 Marekani walichapisha mwingine ambao paka 45 waligawanywa kwa kura, wakafuatiliwa miaka 2, na kwenye kundi la chakula cha figo hakuna hata mmoja aliyepata lile shambulio la sumu kujaa kwenye damu, wakati kundi lililokula chakula cha kawaida karibu robo yao walipata. Huu ni ugonjwa usiopona, na hapo tunaongelea chakula tu, bakuli lilelile la kila siku. Unga wa majani wenye ushahidi wa namna hiyo mimi sijauona, mwenye nao auchapishe hapahapa tuusome.

Basi tuje kwenye lebo. Hapa tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Pakiti nyingi za chakula cha paka zinaandika protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini yote kwa jumla) na maji. Fosforasi ukiikuta umebahatika. Na ukiikuta bado inakuchanganya, kwa sababu imeandikwa pamoja na maji yaliyomo. Chukua mfano. Kopo limeandikwa fosforasi asilimia 0.25 na maji asilimia 80. Pakiti ya chakula kikavu imeandikwa fosforasi asilimia 0.9 na maji asilimia 10. Kwa haraka haraka utasema kopo ndo zuri, 0.25 na 0.9 wapi na wapi! Haya toa maji. Kwenye kopo kilicho kikavu ni asilimia 20, kwa hiyo 0.25 gawanya kwa 20 zidisha kwa 100, unapata 1.25. Kwenye pakiti kilicho kikavu ni 90, kwa hiyo 0.9 gawanya kwa 90 zidisha kwa 100, unapata 1. Kumbe kopo ndo lina fosforasi nyingi. Vyakula vilivyotengenezwa maalum kwa wagonjwa wa figo kwa hesabu hii hii vingi viko kati ya 0.3 na 0.6, vya kawaida vingi vinafika 1 na kupita.

Halafu kuna fosforasi na fosforasi. Ile iliyomo ndani ya nyama na mfupa inaingia kwenye damu taratibu, na nyingine inapita tu bila kufyonzwa. Ile ya chumvi zinazoongezwa kiwandani kama fosfati ya sodiamu na fosfati ya potasiamu inafyonzwa haraka na nyingi, na kuna majaribio yaliyoonyesha ikizidi inaumiza hata figo za paka wazima kabisa. Kwa hiyo ukisoma orodha ya viambato ukakutana na majina hayo ya fosfati, kwa paka mzee irudishe kwenye rafu. Wakati mwingine chakula hichohicho mbele kimeandikwa cha asili kwa herufi kubwa za kijani, sasa sijui asili ipi.

Kuna atakayesema huyu anazidisha, kiwanda kikiweka kitu si kimepimwa. Mwaka 2007 Marekani vyakula vingi vya mbwa na paka vilirudishwa kutoka madukani kwa sababu ngano iliyotumika ilitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili ionekane ina protini nyingi, maana kipimo cha protini kinahesabu naitrojeni na melamini imejaa naitrojeni. Melamini hiyo ikikutana na kemikali nyingine inaitwa asidi ya sianuri inatengeneza fuwele zinazoziba figo, na wanyama walikufa. Karatasi ilikuwa inasema protini ipo. Mimi ninachodai ni namba moja zaidi, iandikwe na tuione.

Ila msinielewe vibaya, sisemi kila paka apewe chakula cha figo. Paka kijana mzima haihitaji hiyo, na hata mgonjwa wa hatua ya kwanza kabisa, ukibana fosforasi sana kalisi kwenye damu inaweza kupanda ikaleta shida nyingine. Ugonjwa una hatua 4, kreatinini chini ya 140 (mikromoli kwa lita) ndo hatua ya kwanza na inaweza kuonekana kawaida kabisa, 140 mpaka 250 ya pili, juu yake mpaka 440 ya tatu, ikipita hapo ya nne, na daktari anaangalia pia protini kwenye mkojo na presha. Presha watu wanaisahau kabisa. Paka mwenye figo mbovu presha ikimpanda sana retina (ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga) inabanduka, anaamka haoni, na vidonge vya kushusha presha vipo na vinafanya kazi. Hakuna jani litakaloirudisha retina iliyobanduka siku nyingi.

Na protini nayo watu wanaichanganya. Paka ni mla nyama, si kama mbwa wala sisi, mwili wake unachoma protini muda wote hata akiwa na njaa. Ukisikia figo ukamkatia nyama ghafla ukaanza kumlisha wanga utamkondesha mwenyewe. Kinachotakiwa ni protini nzuri kwa kiasi, fosforasi kidogo. Ndo maana chakula cha kupika nyumbani bila fomula ya mtaalamu wa lishe ya wanyama nakiogopa, utapunguza fosforasi lakini taurini, kirutubisho cha kwenye nyama ambacho paka lazima akipate, itakosekana, kalisi haitakaa sawa, na moyo na macho vitalipa.

Maji sasa. Wahenga wa paka walikuwa paka pori wa maeneo makavu, walizoea kupata maji kutoka kwenye mwili wa windo, kwa hiyo paka hana kiu ya haraka kama mbwa. Chakula kikavu kina maji asilimia 10 hivi, cha kopo 75 mpaka 80. Paka anayekula kikavu tupu anatakiwa anywe sana kufidia, na kwa kawaida hafidii yote. Kwa hiyo kama ni kubadilisha kitu kimoja leo hii bila kusubiri mtu, ongeza maji. Mimi bibi kizee wangu namfanyia hivi, natoa chakula cha figo cha kopo, nakiponda kwa uma mpaka mabonge yaishe, naweka maji ya vuguvugu kijiko kimoja kimoja huku nakoroga mpaka kiwe kama uji mzito, nagusa kwa mgongo wa kidole, kikiwa na joto la mwili ndo nampa. Kikiwa cha baridi kutoka kwenye friji anakinusa anaondoka, harufu haimfikii na paka mzee pua yake ndo inayomlisha. Maji yakizidi nayo anakataa, analamba juu juu anaacha nyama chini, kwa hiyo unaongeza kidogo kila baada ya siku kadhaa.

Kuhamia chakula kipya kuchukue wiki, tena kadhaa, unachanganya kidogo kidogo na cha zamani. Na usimwanzishie siku anayotapika au yuko kliniki na sindano mwilini, atakihusisha na ule ugonjwa na hatakigusa tena maisha. Akigoma kabisa usishindane naye kwa njaa, paka asipokula siku 2 au 3 mafuta yanajaa kwenye ini, hasa akiwa mnene, na hilo linaua haraka kuliko figo. Bora ale cha kopo cha kawaida chenye fosforasi ya chini kadiri unavyoweza kupata, na daktari akupe kile cha kushika fosforasi tumboni, kama hidroksaidi ya alumini. Hicho lazima kichanganywe na chakula chenyewe, ukimpa tumbo tupu hakina cha kushika.

Haya saplimenti. Sizipingi zote. Mafuta ya samaki yenye EPA na DHA (ndo zile omega-3) yana mantiki, na vyakula vingi vya figo vimeshawekewa. Ya mbegu za kitani hayafai kuchukua nafasi yake kwa sababu mwili wa paka hauwezi kuyageuza vizuri, na mafuta ya ini la samaki ni kitu tofauti kabisa, yana vitamini A na D nyingi, na D ikizidi inapandisha kalisi na kuchoma hizohizo figo. Potasiamu inasaidia kama damu imeonyesha iko chini, paka mwenye potasiamu ndogo utamwona kichwa kimeinama hawezi kunyanyua shingo. Vitamini za kundi B zinapotea na mkojo mwingi, B12 haina madhara. Probayotiki, yaani bakteria wazuri wa tumbo, zinasifiwa kwamba zinakula urea (taka ya protini) tumboni, wazo zuri, ila jaribio lililofanyika kwa paka kwa kunyunyizia kwenye chakula halikuonyesha tofauti.

Zinazonitisha ni zile nyingine. Majani ya kukojosha, kwa mnyama ambaye tayari anakojoa kupita kiasi na anakauka! Siki ya tufaha, kwa paka ambaye damu yake tayari ina asidi nyingi kwa sababu figo haziitoi. Kitunguu saumu kinavunja chembe nyekundu za damu za paka, na mgonjwa wa figo tayari ana upungufu wa damu, maana homoni ya kutengeneza damu inatoka kwenye figo. Supu ya mifupa nayo, watu wanachemsha masaa na masaa, wanatia kitunguu na chumvi halafu wanasema inajenga. Na maua ya yungiyungi (lily za kupambia, si yale ya majini) ni ya asili kuliko kitu chochote, paka akilamba tu ile poda ya ua iliyomdondokea kwenye manyoya, au akinywa maji ya chombo yalipowekwa maua hayo, figo zinaweza kufa ndani ya siku 1 mpaka 3. Hata kwa binadamu, Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa dawa ya kupunguza uzito iliyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Ulikuwa mmea tu.

Na tafadhali dawa za maumivu za watu msimpe paka. Paracetamol kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili, mkiletewa tangazo au makala ya chakula cha paka au unga wa figo, mwambieni aliyeleta ataje fosforasi kwa miligramu katika kila kilokalori 100 (kcal). Kipimo hicho hakidanganywi na maji, na chakula cha figo mara nyingi kinaangukia kati ya 80 na 130 hivi, cha kawaida kinaweza kuwa mara mbili au tatu yake. Na nyie wenye viwanda mnaosoma hapa, hamuwezi kusema hamuijui, chakula hakichanganywi bila hesabu ya fosforasi, namba mnayo kwenye faili. Mimi nimewahi kuandikia kampuni kadhaa kuuliza, moja ilinijibu siku ileile na namba kamili, nyingine ikanitumia picha ya paka anacheka na maneno kwamba bidhaa zao zina ubora wa hali ya juu. Nimebaki na ile iliyojibu.

Msomaji wenu, mfuga paka